MIKONO YETU: Sura ya Bibi Isipotee

Mwezi huu tunaweka sindano na uzi pembeni, tushike kazi ambayo wengi wetu tumezoea kuwaachia vijana wa steshenari, nayo ni kuchapa picha nyeusi na nyeupe kwa printa ya wino. Usishtuke, mama mpendwa. Kazi hii haidai elimu kubwa. Inadai uvumilivu, macho mazuri, na kujua mambo machache ambayo sisi tuliyajua baada ya kupata hasara.

Hasara yenyewe ilikuwa hivi. Katika familia yetu ilikuwepo picha moja tu ya bibi mzaa mama. Alipigwa studio mwaka 1962, amesimama kando ya kiti chenye kitambaa cha kufuma, amevaa gauni jeupe na kilemba cheupe. Picha yenyewe ni ndogo, upana sentimita 6 na urefu sentimita 9. Mama yetu aliitunza miaka yote ndani ya kitabu chake cha nyimbo, na kila alipohama nyumba aliibeba mkononi, hakuifunga pamoja na mizigo.

Tulipokuwa tukijiandaa kulijengea kaburi la bibi, watoto na wajukuu tulikubaliana kwamba kila nyumba ipate nakala yake. Nyumba zilikuwa saba. Tukaipeleka picha kwenye duka moja la steshenari, tukakaa kwenye benchi kungoja. Baada ya nusu saa kijana mmoja, mpole na mwenye adabu, akatukabidhi bahasha yenye nakala saba, na juu yake ile picha ya asili ikiwa imevikwa plastiki ya moto. Akasema, "Mama, hiyo nimewawekea lamineshen bure, isije ikalowa."

Tulipofika nyumbani mama alichukua nakala moja, akasogea nayo dirishani, akaitazama kwa muda. Kisha akasema, "Hili ni gauni la mama. Mama mwenyewe yuko wapi?"

Alisema kweli. Gauni lilionekana, kiti kilionekana, hata kitambaa cha kufuma kilionekana. Lakini uso wa bibi ulikuwa doa jeusi lisilo na macho wala pua, na picha nzima ilikuwa na rangi ya kijani kama maji ya bwawa. Na ile ya asili, ndani ya plastiki yake, ilikuwa imeshika puto la hewa juu ya sikio la kushoto. Puto hilo lipo mpaka leo.

Hatukumlaumu kijana. Alifanya alivyofundishwa, tena kwa nia njema. Kosa lilikuwa letu tuliompa kitu tusichoweza kukipata tena, bila kumwambia neno. Kwa hiyo tukaanza kuuliza na kujaribu, na haya tunayokuandikia leo ndiyo tuliyojifunza.

KIJIVU NDICHO KINACHOBEBA USO

Tunaiita picha nyeusi na nyeupe, lakini ukiichunguza utaona kwamba nyeusi tupu na nyeupe tupu ni sehemu ndogo sana. Sehemu kubwa ni kijivu cha kila daraja: kijivu cha paji la uso, kijivu cha shavu, kijivu cha kivuli chini ya kidevu. Uso wa mtu umechorwa kwa tofauti ndogo ndogo za kijivu. Zikipotea hizo, mtu amepotea.

Hapo zamani mpiga picha alizipata daraja hizo katika chumba cha giza. Karatasi yake ilikuwa imepakwa utandu wa jelatini wenye chumvi za madini ya fedha. Mwanga ulipopita katika negativu na kuigusa karatasi, kisha karatasi ikaingia kwenye dawa, fedha ile iligeuka nyeusi kwa kadiri ya mwanga ilioupata. Chembe zake ni ndogo mno, kwa hiyo kijivu kilishuka taratibu kutoka mwanga hadi giza bila kukatika. Studio kama Capital Art ya Zanzibar, iliyoanzishwa na Ranchhod Oza mwaka 1930, zilifanya kazi ya namna hiyo, na ndiyo sababu picha za wazee wetu zikisafishwa vizuri hudumu vizazi kadhaa. Lakini karatasi zile sasa ni adimu. Mwaka 2005 hata kampuni ya Kodak ilitangaza kwamba inaacha kutengeneza karatasi za picha nyeusi na nyeupe.

Printa ya wino hufanya kazi kwa njia nyingine. Ina kichwa chenye vitundu vingi vidogo kuliko unywele, na kila kitundu hutema tone la wino dogo sana, mara nyingi pikolita chache tu, na pikolita moja ni sehemu moja ya trilioni ya lita. Printa ya kawaida ya nyumbani ina wino wa rangi nne: nyeusi, samawati, majenta na njano. Angalia vizuri: hakuna kijivu hapo. Printa haina kijivu cha kumimina, hivyo inabidi ikudanganye macho. Inaweza kufanya hivyo kwa njia mbili.

Njia ya kwanza ni kutumia wino mweusi peke yake. Matone yakitawanywa mbali mbali, jicho huona kijivu chepesi. Yakibanana, jicho huona kijivu kizito. Faida yake ni kwamba rangi haiingii ya kijani wala ya zambarau. Ubaya wake ni kwamba sehemu za mwanga huonekana zimenyunyiziwa pilipili manga, hasa kwenye karatasi ya kawaida.

Njia ya pili ni kuchanganya rangi zote. Samawati, majenta na njano zikikutana kwa kipimo sawa hutoa kitu kinachokaribia kijivu, na picha hutoka laini bila chengachenga. Lakini kipimo kikizidi kidogo upande mmoja, kijivu hugeuka kijani, au zambarau, au chekundu. Zaidi ya hapo, picha hiyo hiyo yaweza kuonekana sawa chini ya taa ya sebuleni, na ukiitoa nje kwenye jua ikawa na rangi nyingine. Ndivyo ilivyokuwa kwa nakala zetu saba. Dukani, chini ya taa, hatukuona kitu. Dirishani mama akaona.

NYUSO ZETU NA WINO

Liko jambo jingine linalotuhusu sisi hasa. Katika picha nyeusi na nyeupe, ngozi yetu ya kiafrika hukaa upande wa kijivu kizito. Huko ndiko yaliko macho ya bibi, mikunjo ya kicheko chake, na mstari wa taya ambao umerithiwa na mjukuu. Sasa, wino unapoangukia karatasi husambaa kidogo, kama tone la chai kwenye kitambaa cha meza. Katika sehemu nyepesi msambao huo hauna madhara makubwa. Katika sehemu nzito matone hukutana, yakafunga nafasi nyeupe zilizobaki kati yao, na kila kilichokuwa kijivu kizito kikawa cheusi tupu.

Basi printa ikiachwa ifuate mapendekezo yake yenyewe, gauni jeupe litatoka zuri, na uso utazama. Anayechapa asipoutazama uso kwanza, ataona picha iko sawa. Ndiyo maana tunasema kazi hii ifanywe, au isimamiwe, na mtu anayeujua uso ule.

WENGINE WALIPATWA PIA

Usidhani hasara ya namna hii imetupata sisi tu. Graham Nash, mwanamuziki mzaliwa wa Uingereza aliyeishi Marekani, alikuwa pia mpiga picha. Sehemu kubwa ya negativu na picha zake ilipotea ikiwa njiani kupelekwa kwa mchapishaji wa vitabu. Alichobaki nacho ni karatasi za majaribio zenye vipicha vidogo vidogo, kila kimoja ukubwa wa fremu ya filamu. Vipicha hivyo viliingizwa katika kompyuta, vikasafishwa, na kuchapwa vikubwa kwa printa ya wino iitwayo IRIS, kwa ajili ya maonyesho ya Aprili 1990. Mashine hiyo haikuwa imetengenezwa kwa kazi ya picha za sanaa. Ilikuwa ya viwanda vya uchapaji. Nash alinunua yake kwa zaidi ya dola 100,000, na mwaka 1991 yeye na mwenzake Mac Holbert wakafungua nyumba ya uchapaji, Nash Editions, huko Manhattan Beach, California. Leo mashine ile imehifadhiwa na jumba la makumbusho la Smithsonian, Marekani.

Tunakisimulia kisa hiki kwa sababu mbili. Kwanza, kipicha kidogo kikishughulikiwa kwa makini chaweza kurudisha kilichopotea. Pili, wino wa siku zile za mwanzo ulififia upesi, na wachapaji walilazimika kutafuta wino bora. Sisi leo kwa fedha kidogo sana tuna mashine ambazo zingewashangaza watu wa mwaka 1990, lakini makosa ya kuepuka ni yale yale.

HATUA YA KWANZA: ILINDE PICHA YA ASILI

1. Nawa mikono, ikaushe vizuri, na uishike picha kwenye kingo zake. Jasho la vidole huacha alama zisizotoka.

2. Usiifute kwa kitambaa chenye maji wala kwa mate. Utandu wa jelatini hulainika ukilowa, na unaweza kuondoka na jicho zima. Vumbi liondoe kwa brashi laini iliyo kavu.

3. Usiivike plastiki ya moto. Gundi ya plastiki ile huyeyuka kwa joto na kushikana na picha, na hakuna fundi wa mtaani atakayeitoa bila kuiharibu. Nakala unaweza kuivika ukipenda. Ya asili, kamwe.

4. Kama picha imegandana na kioo cha fremu, usiibandue. Ipige picha ikiwa humo humo ndani ya kioo.

Kisha iingize katika kompyuta kwa skana. Futa kioo cha skana kwanza, maana kila punje ya vumbi itaonekana ikikuzwa. Hata kama picha ni nyeusi na nyeupe, iskani kwa rangi, kwa sababu madoa ya njano ya uzee huonekana waziwazi na ni rahisi kuyapunguza kabla ya kuigeuza kuwa kijivu.

Ukubwa wa kuskani hupatikana kwa hesabu ya kawaida. Picha nzuri hutaka doti 300 hivi kwa kila inchi ya karatasi. Ukiskani kwa doti 300, utachapa kwa ukubwa ule ule wa asili. Ukiskani kwa 600, utaweza kuikuza mara mbili, yaani picha yetu ya sentimita 6 kwa 9 ikawa 12 kwa 18. Ukiskani kwa 900, utaikuza mara tatu, karibu karatasi nzima ya A4. Mwambie kijana wa steshenari namba hiyo, usimwache achague. Naye akupe faili katika flashi yako, uondoke nalo pamoja na picha yako siku hiyo hiyo.

Kama hakuna skana, simu nzuri itafaa. Laza picha mezani karibu na dirisha lisilopigwa na jua moja kwa moja, zima flashi ya simu, na simama juu yake wima ili picha isiwe pana upande mmoja. Ukiona mng'ao, geuza meza kidogo mpaka uondoke.

HATUA YA PILI: UFUNGUE USO

Fungua faili katika programu ya kurekebisha picha. Programu ya GIMP hupatikana bure na inatosha kabisa. Kwanza hifadhi nakala ya faili, ili ukikosea urudi mwanzo. Geuza picha kuwa ya kijivu.

Tafuta sehemu ya kurekebisha daraja za mwanga. Utaona mchoro kama kilima, na chini yake vipembetatu vitatu: cha kushoto ni cha nyeusi, cha kulia ni cha nyeupe, na cha katikati ni cha kijivu. Wengi hukimbilia kuongeza mwanga wa picha nzima, na matokeo yake ni gauni lililoungua na uso ulio bado gizani. Wewe sogeza kile cha katikati kuelekea kushoto, pole pole, huku ukitazama macho ya mtu na si kitu kingine. Utafika mahali mboni itaachana na weupe wa jicho, na shavu litaachana na kivuli chake. Simama hapo. Ukiendelea, uso utakuwa wa majivu, nao hautakuwa wa bibi tena. Hatutafuti kumfanya mweupe, tunatafuta kumwona.

Kumbuka kwamba kioo cha kompyuta kina mwanga wake, na karatasi haina. Punguza mwanga wa kioo kabla ya kuamua, la sivyo kila utakachochapa kitakuwa cheusi kuliko ulivyokiona.

Mikwaruzo na madoa yafute, lakini kwa kiasi. Tuliwahi kuona picha ya mzee iliyosafishwa mpaka mikunjo yote ikaisha, akawa kijana asiyejulikana na mtu. Kovu, kidoti cha shavuni, pengo la jino, hivyo ndivyo vinavyomtambulisha. Ukiwa na shaka kama ni doa la karatasi au alama ya mwili, muulize mkubwa wa familia kabla ya kufuta.

HATUA YA TATU: WINO NA KARATASI

Karatasi ya rimu inayotumika ofisini haifai. Inanyonya wino kama mkate unavyonyonya chai, na nyeusi yake huwa kijivu kilichopauka. Nunua karatasi ya picha. Ziko za kung'aa na zisizong'aa. Ya kung'aa hutoa nyeusi nzito; isiyong'aa huficha alama za vidole na hupendeza kwa picha za zamani. Chapa upande uliopakwa dawa. Usipoujua, gusa pembe kwa kidole chenye unyevu kidogo: mara nyingi upande wa kuchapia ndio unaonata.

Kabla ya kuchapa, fungua mipangilio ya printa. Kwenye aina ya karatasi chagua ile uliyoweka kweli, na kwenye ubora chagua wa juu kabisa. Printa hupima wino kwa kufuata aina ya karatasi; ukiidanganya, itamwaga wino mwingi au kidogo kuliko unaotakiwa.

Halafu liko chaguo la kuchapa kwa kijivu tupu. Jaribu ukiwa umeliwasha, na ujaribu ukiwa umelizima, kisha linganisha. Tunasema ujaribu kwa sababu printa hazifanani. Nyingi za bei nafuu haziutumii wino wao mweusi kwenye karatasi ya kung'aa, kwa kuwa wino huo umetengenezwa kwa ajili ya maandishi na hauingii vizuri katika karatasi ile. Badala yake huchanganya rangi ili kupata nyeusi, hata kama umeiambia itumie kijivu. Ukiona kijani hakiondoki, hamia karatasi isiyong'aa, na mara nyingi tatizo litapungua au kwisha.

Kwa anayetaka kazi bora zaidi, zipo printa zenye wino wa kijivu wa kweli. HP ilitoa mwaka 2003 printa ya Photosmart 7960 iliyokuwa na katriji ya wino wa kijivu, na mwaka 2005 Epson ikatoa R2400 iliyotumia wino mweusi wa daraja tatu kwa pamoja: mweusi kamili, mweusi mwepesi, na mweusi mwepesi zaidi. Mashine za namna hii ni ghali kwa nyumba moja, lakini katika miji mikubwa wako wachapaji wa picha wanaozitumia. Ukienda kwao uliza swali moja tu: "Printa yenu ina wino wa kijivu?" Mwenye nao atakujibu mara moja.

Jambo la mwisho kuhusu wino ni kudumu kwake. Kuna wino ambao rangi yake imeyeyuka ndani ya maji kama sukari ndani ya chai. Huo unang'aa vizuri, lakini tone la maji huuchafua, na mwanga na hewa huufifisha. Kuna wino mwingine, wa pigmenti, ambao rangi yake ni chembe ngumu zinazoelea, kama chokaa katika ndoo ya maji. Maji yakikauka, chembe hubaki juu ya karatasi, nazo hustahimili miaka mingi zaidi. Chembe za wino mweusi wa pigmenti ni za kaboni, yaani ndugu wa masizi ya koroboi, na masizi ni kitu kisichopauka kirahisi. Kwa picha ya kubandika kwenye daftari la mtoto wa shule, wino wowote utafaa. Kwa picha ya kurithisha, tafuta wa pigmenti.

HATUA YA NNE: JARIBU, KAUSHA, TUNDIKA

Usichape karatasi nzima mara ya kwanza. Kata kipande, uchape uso peke yake, ukitazame mahali patatu: chini ya taa, dirishani, na nje kivulini. Uso ukikubali mahali pote patatu, chapa picha nzima.

Kama printa ilikaa wiki nyingi bila kazi, wino hukauka vitunduni na picha hutoka na mistari. Iamuru ichape karatasi yake ya kujipima, na ikibidi isafishe kichwa chake. Izime kwa swichi yake yenyewe kabla ya kuzima umeme ukutani, ili kichwa kirudi mahali pake na kufunikwa. Kijana ukiona anachomoa waya tu, mwambie.

Picha ikitoka iache ikauke kwa siku moja, mahali pasipo na vumbi, kabla ya kuiweka katika fremu. Ukiifunga mapema unyevu wake hupanda kwenye kioo na kuacha ukungu. Katika fremu weka ukingo wa kadibodi ili picha isigusane na kioo. Itundike ukuta usiopigwa na jua, na usiiweke jikoni penye moshi na mvuke.

USIACHE MBACHAO

Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Nakala ikitoka nzuri, wengi huiona ya asili kuwa takataka, wakaitupa au wakampa mtoto achezee. Usifanye hivyo. Nakala ya wino ni mgeni; picha ya fedha imekwisha kukaa miaka sitini, na ndiyo utakayoirudia nakala ikififia. Itie katika bahasha ya karatasi safi, uiweke kavu na mbali na wadudu. Albamu zile zenye kurasa za kunata zikwepe, kwa maana gundi yake hula picha.

Tena andika majina. Tumia penseli laini, nyuma ya picha, pembeni, bila kukandamiza. Kalamu ya wino hupenya au huacha alama upande wa mbele. Andika ni nani, amezaliwa na nani, ni wapi, na mwaka gani. Fanya hivyo wangali hai wanaojua. Katika kabati la mama yetu tulikuta picha nyingine ya wasichana wanne mbele ya kanisa. Mama aliwataja watatu. Wa nne, alisema, aliyemjua ni dada yake mkubwa, na dada yake tulimzika miaka miwili kabla ya siku ile.

Na ile picha ya bibi? Tuliiskani upya ndani ya plastiki yake, kwa doti 900, tukiigeuza na kuigeuza mpaka mng'ao ukapungua. Puto la hewa hatukuweza kuliondoa lote. Limebaki kama kivuli karibu na sikio. Tulisogeza kile kipembetatu cha katikati, tukachapa vipande sita vya majaribio, na cha saba ndicho tulichompelekea mama.

Aliomba miwani yake. Alikitazama kipande kile, kisha akaweka kidole juu ya nyusi ya kulia, kwenye mstari mwepesi ambao sisi tulikuwa tumekaribia kuufuta tukidhani ni mkwaruzo wa karatasi. Akasema, "Hapa aliangukia jiwe la kisima akiwa mjamzito wangu. Nilikuwa nimesahau."

Hatukujua kamwe habari ya kisima kile. Jioni hiyo alitusimulia yote, na wajukuu wakasikia.

Basi, mpendwa msomaji, mwezi huu fungua lile sanduku. Toa picha moja tu, iliyo ya pekee, ianze safari yake. Na kama mwenye kujua majina yuko hai, mwendee kwanza yeye, printa itangoja. Tuonane mwezi ujao, Mungu akipenda.